Maoni: Serveri ya Mushaki haiwezi kufuata mizajuru ya kila siku

Katika kituo kimoja kidogo cha afya upande wa Mushaki, eneo la Masisi, kulikuwa serveri ndogo, ukubwa wake kama Biblia, imewekwa juu ya etajeri karibu na batri mbili na waya zinazopanda mpaka kwenye pano ya jua. Ndani yake mulikuwa majina ya watoto na tarehe za chanjo zao, wamama wenye mimba, na wagonjwa wa kifua kikuu na siku waliyoanza dawa. Nilipofika pale katikati ya mwaka 2023, taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri. Lakini mama muganga alikuwa anaandika ndani ya kaye.

« Mama, mashini imekufa? »

« Haikufa, baba. Inawaka. Inakataa tu kutupatia majina. »

Kijana aliyeiweka ile mashini ni mdogo wangu katika kazi. Ni fundi mzuri, na jina lake sitalitaja. Siku mbili mbele ya safari yangu alikuwa amenipigia simu kwa haya: « Yaya, nilifanya tu mizajuru. »

Mizajuru kila mwenye simu anaijua. Programu ya zamani inatoka, mpya inaingia pahali pake. Simu ikiharibika baada ya hapo, unashuka kwa mafundi wa Birere, unalipa kidogo, jioni unarudi nayo nyumbani. Serveri ya kituo cha afya haina Birere yake. Mwaka ule, kutoka Goma mpaka Mushaki ilikuwa safari ya kuomba habari za njia kila asubuhi: leo Sake inapitika? Mukiulizwa kule juu, mutajibu nini? Mtu hawezi kupanda gari na kushuka kila wiki sababu programu fulani imepata namba mpya.

Ndiyo maana naandika haya. Katika miaka hii nimeona serveri kadhaa za namna ile zikiwekwa Masisi na pengine, na vijana wanaoziweka wanachagua aina ya Linux wanayoipenda wao, hawachagui ile ambayo pahali pale panaweza kuibeba.

Kwa wasomaji ambao si mafundi, nieleze kidogo. Serveri nyingi za dunia zinatembea na Linux. Linux haina mwenyewe mmoja: kuna makundi mengi yanayoikusanya, kuipanga na kuigawia watu bure, kila kundi kwa namna yake. Tuseme kuna jamaa mbili. Ya kwanza ni Linux iliyotulia: Debian, Ubuntu ya LTS na ndugu zao. Hao wanatoa toleo moja, kisha wanalitunza kwa miaka. Debian 12 ilitoka tarehe 10 mwezi wa sita 2023. Ndani yake PostgreSQL, ile programu inayotunza habari na majina, ni namba 15, na itabaki 15 mpaka toleo lile lifike mwisho wa maisha yake. Kosa la usalama likionekana, wanashona pale palipopasuka tu. Ni kama fundi wa moto anayekubadilishia plaketi za freni bila kugusa moteri.

Jamaa ya pili ni Linux inayogeuka kila siku. Haina toleo, haina mwaka. Arch Linux, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Mkanada Judd Vinet, ndiyo vijana wetu wanaijua zaidi. OpenSUSE Tumbleweed ni nyingine. Programu mpya ikitoka kwa wale wanaoitengeneza, baada ya muda mfupi inaingia katika gala ambamo mashini zote zinachota, na ile ya jana inaondolewa. Hapo unachukua zote pamoja ama unaacha zote. Watu wa Arch wenyewe wanaandika wazi kwamba kuchukua moja na kuacha zingine hawalikubali.

Sina chuki na jamaa hiyo ya pili. Ordinatere ninayoandikia maneno haya inatembea na Arch. Maelezo yao ni kati ya mazuri kabisa niliyosoma, na kijana aliyejifunza kwa Arch anajua kila kitu kilichomo ndani ya mashini yake, maana alikiweka kwa mikono yake. Lakini ordinatere yangu iko mbele yangu kila siku. Ikikataa kuwaka asubuhi, mimi peke yangu ndiye nimepoteza asubuhi. Mwezi wa nane 2022 watumiaji wengi wa Arch waliamka wakakuta mashini haziwaki tena, sababu ya mizajuru ya GRUB, programu ile ndogo inayoamsha Linux. Kuirekebisha ilikuwa kazi ya nusu saa kwa mtu mwenye flashi ya kuamshia na mwenye kujua amri za kuandika. Je, mama muganga aliyebaki na zamu ya usiku ni mtu huyo?

Turudi Mushaki. Serveri iliwekwa mwaka 2022 kwa feza za mradi mmoja. Mwezi wa pili 2023 vita vikafika Mushaki, wakaaji wakakimbia, wengi wakashuka Sake na kuelekea Goma. Mfanyakazi mmoja wa kituo alifunga ile mashini ndani ya kitenge na kuificha. Ilikaa gizani miezi mingi. Watu walipoanza kurudi, wakaitoa, wakaiunganisha na batri, ikawaka, na majina yote yalikuwa pale. Hapo hakuna Linux iliyokosea. Yote yalikuwa sawa.

Kisha mdogo wangu alipewa kazi ndogo sana: kuweka imprimante, ili kadi za chanjo zitoke kwenye karatasi. Alifika na simu yenye mega chache, akaomba programu ile moja ya imprimante. Mashini ikakataa. Kila pakiti ya Arch inabeba sahihi ya mtu aliyeitengeneza, na mashini ina orodha ya sahihi inazoziamini. Kwa miezi ile ya usingizi, sahihi zingine zilikuwa zimefika mwisho wa muda wao, na watu wapya ambao mashini haiwajui walikuwa wameingia katika kazi. Dawa ya jambo hilo inajulikana: unaleta kwanza orodha mpya. Yeye alikuwa na haraka, njia inafungwa saa kumi, akazima kabisa ukaguzi wa sahihi. Naomba wasomaji mafundi wasicheke. Nimewaona wakubwa wakifanya vile vile.

Programu ya imprimante ikaingia, na ikavuta pamoja nayo vipande vingine vipya inavyovitegemea. Kimoja kati ya hivyo vipande kilikuwa kinatumiwa pia na PostgreSQL, ambayo ilikuwa bado ya zamani. Ikaamka ikitafuta kipande chake, haikukiona, ikazima. Wakati huo mdogo wangu akafanya kile ambacho Arch yenyewe inashauri: kuchukua zote. Giga zaidi ya moja, kwa mega za simu, akiwa amesimama kilimani pahali ambapo rezo inashika. Kazi ya siku mbili. Alipomaliza, PostgreSQL nayo ilikuwa mpya, imepanda namba kubwa moja. Na PostgreSQL ya namba kubwa mpya haifungui mafaili ya namba ya zamani mpaka uyageuze kwanza kwa kazi maalum. Haikuharibu kitu chochote. Ilikaa tu pale, ikiandika mstari mmoja kwamba mafaili haya ni ya namba nyingine.

Ni hapo mama muganga alirudia kaye. Na kaye haijui nani alichanjwa mwaka jana. Mama anafika na mtoto mgongoni, kadi ilipotea katika kukimbia, anasema « alipata ya kwanza, nafikiri na ya pili ». Mgonjwa wa kifua kikuu anasema alikunywa dawa miezi mitatu, ama mine. Majibu yote yalikuwa mita mbili kutoka pale walipoketi, ndani ya ile mashini yenye taa ya kijani.

Nilipoeleza hayo kwa wenzangu wa Goma, nilipata jibu moja ambalo nalichukua kwa uzito: kosa si la Arch, kosa ni la kulala. Mashini ya Arch inayofanyiwa mizajuru kila wiki inapanda hatua ndogo ndogo, na hatua ndogo haivunji mguu. Wale wa Debian wanakaa miaka, kisha siku moja wanaruka ukuta mzima. Ni kweli. Tena wanaongeza: mashini ya zamani ndiyo inayoshambuliwa. Mwezi wa tano 2017 ile programu mbaya ya WannaCry ilifunga ordinatere za hospitali nyingi za Uingereza, na sahihisho lilikuwa limetolewa na Microsoft tangu mwezi wa tatu. Waliopigwa ni wale ambao hawakufanya mizajuru. Hilo pia ni kweli, na yeyote anayesema « weka na usiguse tena » anawadanganya watu.

Hata hivyo, jibu lile lina neno moja lililojificha ndani yake: kila wiki. Kila wiki inataka rezo, inataka umeme, inataka fundi, inataka njia, vyote siku moja. Mwezi wa pili 2024 vita vilikuwa Sake, na mtu wa Goma hakuweza kupanda Masisi. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma yenyewe ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji. Kwetu kulala si uvivu wa fundi. Serveri ya Masisi italala, hata ikiwa na fundi bora wa Kivu nzima. Swali la kuuliza mbele ya kuchagua Linux ni hili: mashini hii inaweza kulala miezi mingapi, kisha ikaamka na kupokea sahihisho moja dogo bila kudai mengine yote?

Debian inaweza. Ukiamka baada ya miezi sita, gala la toleo lako bado lipo, namba za programu kubwa ni zile zile, na unachota yale ya usalama tu, mara nyingi mafaili machache. Debian inatunza toleo miaka mitatu, na kundi lake la LTS linaongeza mpaka miaka mitano. Ubuntu ya LTS nayo miaka mitano. Miaka mitano ni kirefu kuliko miradi mingi niliyoona ikija Masisi.

Na kuhusu usalama, habari ya xz inatosha kunipa wasiwasi na mambo mapya mno. Tarehe 29 mwezi wa tatu 2024, injinia mmoja wa Microsoft, Andres Freund, alitangaza kwamba mtu amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyo karibu katika kila Linux. Aliugundua sababu aliona kuingia kwenye mashini yake kwa SSH kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Aliyeuweka alijenga uaminifu kwa miaka zaidi ya miwili, akisaidia kazi, mpaka akapewa funguo. Matoleo mabaya, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa yameshaingia katika Tumbleweed, katika Arch, na katika Debian ile ya majaribio. Debian iliyotulia haikuguswa, maana ilikuwa bado na xz ya zamani. Kwa haki niseme pia kwamba kwenye Arch SSH haikuunganishwa na kile kipande, kwa hiyo mlango ule haukufanya kazi kwa namna iliyojulikana. Lakini waliokuwa mbele ndio waliokula kwanza chakula chenye sumu, na serveri ya wagonjwa haipaswi kuwa mwonjaji.

Sisemi kwamba Linux iliyotulia ni ahadi isiyovunjika. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2020, Red Hat ilitangaza kwamba CentOS 8, ambayo watu waliiweka wakitegemea itunzwe mpaka 2029, itaisha mwisho wa 2021, na pahali pake patabaki CentOS Stream, inayotembea mbele ya Red Hat yenyewe. Mafundi wengi, hata hapa kwetu, walihamisha serveri kwa hasira mwaka ule. Tangu hapo, kwa mimi, Debian ina faida nyingine: haina kampuni inayoweza kuamka asubuhi na kubadilisha mawazo.

Wengine wananiambia rezo inakuja, ngoja kidogo. Starlink ilikatazwa Kongo mwezi wa tatu 2024, kisha ikapewa ruhusa mwezi wa tano 2025. Kilima cha Mushaki kinaona mbingu vizuri. Nitafurahi. Lakini tarehe 12 mwezi wa tano 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikahangaika siku kadhaa. Kama miji ile inalala, sioni namna Mushaki itakesha. Na tena sahani ya mbinguni inaleta mega tu. Mtu wa kusoma ule mstari wa PostgreSQL haiwezi kumleta.

Kuna wanaofanya kazi hii vizuri, na si mbali. Taarifa za afya za inchi yetu zinakusanywa kwa DHIS2, programu iliyozaliwa katika Chuo kikuu cha Oslo na inayotumika katika inchi nyingi za Afrika. Inakaa juu ya Linux na PostgreSQL, kama mashini ile ya kituo. Wenye kuitengeneza wanashauri Ubuntu ya LTS. Hawa ni watu wenye rezo ya Norvege, wenye mainjinia wa kutosha, wangeweza kuchagua chochote. Wamechagua ya kutulia, sababu wanajua itakapowekwa.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye feza kwanza, maana fundi anaweka anachoachiwa aweke. Mashirika yanapoandika mradi wa kupeleka serveri Masisi ama Walikale, yaandike ndani ya mkataba aina ya Linux na mwaka ambao msaada wake unaisha. Waandike nani atashika mashini baada ya mradi kufunga mlango, maana mradi unafunga, gari nyeupe inaondoka, na mashini inabaki. Nimesoma mikataba yenye kurasa mbili juu ya rangi ya vibandiko vya mfadhili, na bila mstari hata mmoja juu ya hilo.

Kwa vijana mafundi, maneno machache tu. Wekeni mashini ya pili Goma, sawa na ile ya kule, na kila mizajuru ianze hapo. Ikikaa wiki mbili bila shida, ndipo ipande. Mizajuru ya Debian inaweza kupanda ndani ya flashi, mfukoni mwa motari, bila mega hata moja: kuna programu iitwayo apt-offline iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Nakala ya habari itoke kila wiki kwenye diski nyingine, na diski ile isilale katika chumba kimoja na serveri. Na kama mtu amelazimika kubaki na Linux inayogeuka, achague angalau Tumbleweed yenye Btrfs, maana ile inapiga picha ya mashini mbele ya kila mizajuru, na ukiharibu unarudi kwenye picha ya jana. Lakini kurudi huko nako kunataka mtu aliyeketi mbele ya ekrani.

Ile serveri niliishusha Goma mwenyewe, ndani ya mfuko wa mchele, katikati ya nguo, kwa moto ya mtu aliyekuwa anabeba fromage. Nilinakili diski kwanza. Kisha niliweka PostgreSQL ya namba ya zamani kwenye mashini nyingine, nikaipa yale mafaili, ikafungua mara moja, majina yote yalikuwa mule. Nikayatoa yote kwa faili moja, nikaweka Debian, nikayarudisha. Saa tano za kazi, na nyingi kati yake nilikuwa nasubiri umeme urudi. Mdogo wangu aliketi karibu yangu muda wote na aliandika kila amri.

Ilipopanda tena Mushaki, mama muganga aliiwasha, akatafuta jina la mtoto mmoja, akaliona, akasoma tarehe ya chanjo ya pili kwa sauti. Imprimante nayo ilitoa kadi. Kisha akafungua kaye yake na kuiandika tena ile tarehe kwa biki. Nilimuuliza kwa nini. Akasema: « Baba, wewe unarudi Goma leo. »